Uje Umefunga

Muuguzi alipopiga simu alisema maneno machache tu: "Kesho saa mbili asubuhi, kipimo cha picha ya kongosho. Uje umefunga." Akakata, maana alikuwa na orodha ndefu. Neno hilo alikuwa amemwambia fundi saa ambaye mtaa mzima unamwita Daima, kwa kuwa kibanda chake hakijawahi kufungwa miaka kumi na tisa.

"Mke wangu, wanataka nifunge!"

"Si ufunge! Wameona kitu kwenye kongosho lako, hatujui kama ni uvimbe mbaya au kovu tu, na wewe unawaza kibanda?"

Maneno yalimwingia. Kitu hicho kilikuwa kimemnyima raha wiki tatu nzima. Alfajiri akakitia kibanda kufuli tatu, akaona bado, akagongomelea na ubao. Kisha, ili asije akaanguka huko hospitali, akanywa vikombe viwili vya chai tamu na kula vipande vinne vya mkate. Mgonjwa wa kisukari wa miaka kumi, jamani!

Mtaalamu wa picha, mama mmoja mkavu asiyejua kucheka, akamtoboa kidole. Sukari ilikuwa kumi na saba.

"Umefunga?"

"Kufuli tatu na ubao."

Mama akaitazama fomu, akamtazama yeye. "Umekula?"

"Vizuri tu, asante."

Mama akashusha pumzi. "Dawa ninayokudunga ni sukari yenye mionzi. Uvimbe mbaya ni mlafi, ukiila sukari hiyo unawaka kwenye picha. Sasa umeshaushibisha kwa chai. Yangu hautaigusa. Isizidi kumi na moja, ndiyo napiga."

"Ngoja kwanza. Miaka kumi mnanikataza sukari. Leo mnataka kunidunga sukari, halafu mnakataa kwa sababu nina sukari?"

"Ndiyo."

Daima akabembeleza. Apigwe hivyo hivyo, picha ikitoka safi atamshukuru Mungu na kwenda zake.

"Inaweza kutoka safi," alisema mama. "Ndiyo maana sipigi."

Daima akatoka akimsema njia nzima, kwamba mwanamke yule hana hata chembe ya utu.

Huko mtaani mambo yalikuwa yameharibika. Watu walikiona kibanda kimefungwa, tena kwa ubao, wakakata shauri kwamba fundi amefariki. Jirani, aliyekuwa amejiinamia, alimpa mkono bila kumtazama. "Pole sana kwa msiba, ndugu yangu."

"Msiba wa nani?"

"Wa Daima."

Nyumbani, mkewe alikuwa analia kwa kwikwi.

"Wewe unalia nini, na unajua niko hai?"

"Wamekusifu mno," alisema mkewe. "Nimeshindwa kujizuia."

Daima akakaa karibu yake, akalia naye. Aliogopa kufa, na sasa alikuwa ameonja ladha yake.

Siku ya tano alirudi hospitali na njaa ya kweli, dawa zake zikiwa zimepangwa upya. Sukari ilikuwa saba. Akadungwa, akalazwa saa nzima bila kusema wala kunyanyua mkono, kwa kuwa misuli nayo ikifanya kazi inakula sukari. Kwa mtu wa maneno kama yeye, hiyo ilikuwa adhabu tosha.

Jioni daktari akawageuzia skrini Daima na mkewe. Katikati ya kongosho palikuwa na punje inayowaka.

"Uvimbe ni huo," alisema daktari. "Ni mdogo na haujasambaa. Tutaukata, tumewahi."

Mkewe akamshika mkono, akaubana mpaka ukauma.

"Na siku ile nimeshiba, ungeonekana?"

"Huenda usingeonekana. Tungekwambia uko salama, ungeondoka unacheka."

Daima akatoka, akamtafuta yule mama mkavu, akamkuta anafuta meza. Akasimama mbele yake.

"Mama," akasema, "ungenionea huruma siku ile, ungeniua."

Mama akamvutia kiti, akaendelea kufuta meza.