Alama za Meno Chini ya Soksi

Zombi alikuwa amesimama kando ya barabara. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeng'oka, ameushika kwa wa kulia, na akawa anaupunga huo uliong'oka kusimamisha basi. Dereva wa basi, badala ya kukanyaga mafuta, akafungua mlango na kumwambia kwa adabu zote, "Samahani mzee, tumejaa." Fundi, mbele ya televisheni, akaangua kicheko mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. Dada yake naye alicheka, ila alichelewa. Kicheko chake kilikuja nyuma kidogo, kama mtu anayeitikia hodi akiwa chumba cha ndani, na Fundi, ambaye tangu utotoni hajawahi kumshinda dada yake kwa kucheka, hakuliona hilo.

Jumamosi alasiri katika nyumba ile ilikuwa siku ya filamu za wafu. Wiki nzima dada mtu aliendesha basi la shule. Watoto walimwita Shangazi, wazazi wao wakafuata, mwalimu mkuu naye akafuata, nasi tumwite hivyo hivyo. Mdogo wake alitengeneza simu kwenye kibanda kilichobanana kati ya duka la viatu na duka la dawa, na jina la Fundi likamganda. Shangazi alikuwa mjane. Fundi alikuwa hajaoa. Mwenyewe alidai bado anatafuta, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akitafuta.

Walianza kwa bahati mbaya. Wiki ya tatu baada ya kumzika mama yao, nyumba ikiwa bado imenuna, Fundi alileta filamu aliyodhani ni ya mapenzi. Dakika ya kumi, kaburi likapasuka, akatoka mfu anapapasapapasa chini akitafuta miwani yake. Fundi aliirukia rimoti, aibu imemjaa usoni. Jamani, mama hata udongo haujakauka! Lakini Shangazi akasema, "Iache." Kisha akacheka. Alicheka huku analia, akalia huku anacheka, na usiku huo kwa mara ya kwanza tangu msiba walikula chakula wakakimaliza.

Majirani waliwashangaa. "Mnawezaje kucheka maiti?" mama wa nyumba ya pili aliuliza siku moja, mkono kiunoni. Shangazi hakumpa jibu la kueleweka, ila moyoni alilijua. Mauti ya kweli hayana mguu wa kuburuta. Hayakohoi mlangoni. Haya ya kwenye filamu unayaona toka mbali yakija, yanapepesuka, yanagonga milango iliyo wazi, yanaangukia ngazi, na unapata muda wa kuyatania kabla hayajakufikia. Hofu inayokwenda polepole, tena ukiwa na mwenzako pembeni, unaweza kuicheka. Shangazi alizipenda filamu hizo kwa sababu alikuwa mwoga, na humo ndani woga wake ulipata pa kukaa.

Tatizo ni yule mtu. Katika kila filamu ya aina hiyo yupo. Siku hiyo alikuwa mwanamume mwenye kipara, muuza magodoro, ambaye aliumwa kwenye shavu la mguu wakati wenzake wamegeuka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaivuta soksi ikafunika alama za meno. Kisha akajiunga na wenzake, anatabasamu.

"Si useme, bwege wee!" Fundi alikuwa amesimama, amekinyooshea kidole kioo cha televisheni. "Mficha maradhi kifo humuumbua, hujasikia? Dada, tazama, huyo ndiye atakayewamaliza wote."

"Kweli," Shangazi akasema.

"Wenzake wanampenda, wanampa maji, kumbe yeye ndiye balaa lenyewe."

"Labda anaogopa."

"Anaogopa nini tena, na kashaumwa?"

Chini ya mto wa kochi, viganja vya Shangazi vilikuwa vimelowa jasho.

Alhamisi iliyotangulia, kwenye taa za njia panda, alikuwa amesimamisha basi taa ikiwa nyekundu. Redio ilikuwa inatangaza hali ya hewa. Halafu akasikia honi, nyingi, zenye hasira, taa iko kijani, na redio iko kwenye matokeo ya mpira. Kati ya hali ya hewa na mpira hapakuwa na kitu. Hakusinzia, maana usingizi mtu huujua unapomnyemelea. Hakuwa na mawazo. Kipande cha maisha yake kilikuwa kimekatwa kama kitambaa, ncha mbili zikashonwa pamoja, na mshono hauonekani. Mungu saidia, basi lilikuwa limesimama. Lakini haikuwa mara ya kwanza. Mwezi mmoja nyuma, jikoni, maziwa yalichemka yakafurika yakazima jiko, yeye amesimama mbele yake ameshika mwiko.

Akisema, leseni imekwenda. Miaka kumi na tisa ya usukani bila hata mkwaruzo, imekwenda. Na kuna lile neno, kifafa. Alikwisha kuona lilivyomfanya mke wa mpaka rangi wa mtaa wa nyuma: watu hawakumpa tena mtoto amshike, hata kisu cha kumenyea vitunguu walimnyang'anya kwa upole. Asiposema, nyuma yake kila asubuhi kuna watoto thelathini na wawili waliofungwa mikanda na mama zao. Alilijua hilo. Alilala nalo na kuamka nalo. Na bado Jumatatu alfajiri akavaa koti lake la kazi, akachukua ufunguo, akaenda.

Alikwenda na mpango, kwa maana mwenye hofu hakosi mpango. Kwenye kiti cha mbele kabisa huketi msichana wa miaka saba, mapengo mawili mbele, mdomo hauna breki. Basi zima lilimwita Kasuku.

"Kasuku, unaweza kuhesabu nguzo za taa?"

"Hata elfu moja!"

"Basi nihesabie, kutoka kituo cha mafuta mpaka darajani. Kwa sauti. Usiruke hata moja."

Zilikuwa arobaini na moja. Shangazi alizifuata zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Maadamu namba zinafuatana, yeye yupo. Jumatatu arobaini na moja, kwenda na kurudi. Jumanne vilevile. Jioni akajikuta anaimba jikoni, na Fundi akamuuliza kama kuna mchumba.

Jumatano barabara ilikuwa nyeupe, haina magari. Kasuku alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, pua yake imegusa kioo, na Matroni, mama mnene aliyewasimamia watoto ndani ya basi, akamkemea akae vizuri. "Ishirini na moja!" Kasuku akapiga kelele. "Ishirini na mbili!"

"Ishirini na tisa!"

Mkokoteni wa matunda ambao Shangazi alikuwa akiuona mbele, mbali kabisa, ulikuwa kwenye kioo cha nyuma. Mikono ilikuwa kwenye usukani, basi limenyooka, mwendo wa hamsini, watoto wanagombea kifutio. Nguzo sita basi lile lilikuwa limekwenda bila mtu.

"Shangazi," Matroni alimwita kutoka nyuma, "nimekuita mara mbili. Kuna mtoto anataka kutapika."

"Nilikuwa nawaza, mama. Nisamehe."

Usiku alijikaza kisabuni, akajipangia: wiki hii kuna mitihani, dereva mwingine yuko likizo, Jumatatu atakwenda hospitali. Jumatatu bila kukosa. Alipolisikia neno hilo kichwani mwake lilikuwa na sauti ya muuza magodoro mwenye kipara, na hakucheka. Aliyeng'atwa akaficha siku zote huahidi kesho.

Alhamisi Kasuku alianza kuhesabu hata kituo cha mafuta hakijafikiwa. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anahesabu kwa haraka, macho hayako dirishani. Yalikuwa kwenye kioo kidogo cha juu, yanamtazama dereva. Basi likasimama kwenye taa za njia panda.

"Mbona umeanza mapema leo?" Shangazi akauliza.

"Nahesabu zote siku hizi."

"Nani kakutuma?"

Kasuku akaegemea mbele, akashusha sauti. "Wewe ukiondoka, mimi nahesabu kwa nguvu. Ukisikia unarudi."

Shangazi alimtazama kwenye kioo. "Naondoka kwenda wapi, mwanangu?"

"Sijui. Macho yako yanabaki." Mtoto akaukamata mkanda wake. "Mwanzo nilidhani unatuigizia. Nikacheka. Halafu nikaogopa."

"Nimeondoka mara ngapi?"

"Leo? Au zote?"

"Zote."

Kasuku akafumba macho apige hesabu. Shangazi alijua jibu: tatu, ukijumlisha na ile ya jikoni ambayo mtoto hangeijua.

"Kumi na moja," Kasuku akasema.

Taa ikawa kijani. Honi ya kwanza ikalia, ikafuata ya pili. Mara hii Shangazi alikuwa na akili zake zote, na lo, afadhali asingekuwa nazo! Kumi na moja. Alidhani anachunga ugonjwa wake kumbe alikuwa anachungwa na mtoto mwenye mapengo, aliyekuwa akipanda basi kila asubuhi akijua, akifunga mkanda wake akijua, na hakumwambia mtu.

"Shangazi, taa imewaka," Matroni akasema.

"Naiona."

Akavuta breki ya mkono. Akawasha taa za dharura. Akazima injini, akachomoa ufunguo, akageuka na kumpa Matroni.

"Mpigie mwalimu mkuu alete dereva. Mimi napotewa na fahamu. Si leo tu. Nimewaendesha hawa watoto naumwa, na nilikuwa najua."

Matroni alimtazama, kisha akawatazama watoto. Alinyoosha mikono yake miwili minene na kuwasogeza nyuma wale wa viti vya mbele, taratibu, safu moja, halafu safu nyingine, mpaka pakawa na nafasi tupu kati yao na dereva. Shangazi aliona kila inchi ya nafasi hiyo. Kasuku peke yake alikataa kunyanyuka. Alikuwa analia.

"Nimesema siri yako," akasema.

"Hapana, mama," Shangazi akamwambia, naye sauti imemkatika. "Siri ile hukupaswa kuibeba wewe. Nisamehe."

Mengine yalikwenda kama yaendavyo. Mwalimu mkuu alikuwa mpole, na upole wake uliuma. Wazazi waliandikiana kwenye simu zao maneno ambayo Matroni alikataa kumsomea, na wengine walikuwa na haki. Daktari alimbandika nyaya kichwani, akampa vidonge na tarehe ya kurudi, akamwambia asipande ngazi, asikaribie moto akiwa peke yake, asiguse usukani mpaka aambiwe. Fundi aliambiwa mambo yote jikoni, amesimama. Aliuliza swali moja tu. "Hata mimi umenificha, dada?" Akaenda kuondoa visu kwenye droo, akamkumbuka mke wa mpaka rangi, akavirudisha.

Jumamosi ikafika. Fundi alikaa na rimoti mapajani bila kuiwasha.

"Leo tupumzike," akasema.

"Tupumzike na nini?"

"Sijisikii kucheka, dada."

"Mimi najisikia kuogopa," Shangazi akasema. "Weka."

Akaweka. Wafu walikuwa nje ya nyumba ya bibi mmoja kiziwi, wamepanga foleni barazani, wanabisha hodi. Bibi akawa anawakaripia kwa dirishani akidhani ni wachuuzi. Shangazi alicheka, kicheko chake kile cha zamani, na kikamtoka kikiwa peke yake ndani ya sebule. Bibi akatoka na ufagio. Kisha bibi yuko juu ya paa na wajukuu zake watatu, nyumba chini yao inaungua.

Shangazi akakaa wima. Wamefikaje juu ya paa? Filamu hukatwa, mtu yuko mlangoni, mara yuko paani, na hakuna anayeshangaa. Ndivyo zinavyotengenezwa. Aligeuka amuulize mdogo wake, akakuta uso wa Fundi hauko kwenye kioo cha televisheni. Ulikuwa umemwelekea yeye. Inaelekea ulikuwa hapo tangu mwanzo, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Wamepandaje huko juu?" Shangazi akauliza.

"Sikuwa naangalia."

"Ulikuwa unaniangalia mimi."

"Ndiyo."

Juu ya paa mjukuu mmoja alisema jambo, wenzake wakacheka. Ndani ya sebule hakuna aliyelisikia.

"Niliondoka?"

Maisha yake yote Fundi hakujua kumdanganya dada yake, na haikuwa siku ya kujifunza.

"Kidogo tu," akasema.

Shangazi aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei akakubali. Akajisogeza kwenye kochi mpaka bega lake likagusa la mdogo wake, naye Fundi hakusogea.

"Basi rudisha nyuma," akasema. "Na wewe utazame. Hiyo sehemu sote tumeikosa."

Fundi akatafuta kitufe kwa kidole gumba. Moto ukarudi ndani ya madirisha, wajukuu wakashuka paani kinyumenyume, na wakaanza tena pale barazani, wafu walipokuwa ndiyo kwanza wanabisha hodi.