Kigoda cha Akina Pask

Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa nne kasorobo asubuhi, Winifred Pask alikuwa akiweka matunda makavu ya msonobari juu ya viti vya Jumba la Thorley. Ndiyo desturi: mgeni akikuta tunda kitini hakai, na hakuna anayelazimika kumgombeza. Winifred alikuwa na miaka sabini na moja. Kwa miaka kumi na tisa alijitolea kuwatembeza wageni humo, na hakuwahi kukaa hata mara moja.

Saa nne kamili kijiji kikatoka sakafuni. Lilitangulia bomba la moshi, likatoboa zulia la ukumbi wa chakula, likafuata paa la nyasi, kisha nguruwe. Ni kile kijiji alichokibomoa Sir Peregrine Thorley mwaka 1764, kwa kuwa kilimharibia mandhari wakati wa chai. Wageni wakakunja miavuli wakawapisha kuku. Mmoja alitaga ndani ya chombo cha maua cha Kichina, mpiga fidla akachachamaa, na mahakimu wawili wastaafu wakacheza hadi soksi zikawashuka. Raha iliyoje!

"We Winnie!" akaita bibi kizee mwenye pua ya akina Pask, akigeuza mkate motoni. "Umesimama kama mlingoti, huna kwenu? Njoo ukae!"

Kando yake palikuwa na kigoda kitupu. Magoti yalikuwa yakimsumbua Winifred tangu Krismasi. Akavuka kamba ya kuzuia wageni, moyo ukimruka kama wa msichana.

"Winifred, mpenzi!" Ledi Lavinia Thorley, mwenye jumba, akamwahi. Alikuwa mtu mwema, kila mwaka humpelekea jemu. "Kigoda chenyewe kikongwe, kitavunjika." Akatoa tunda la msonobari mfukoni, akaliweka juu yake.

"Lakini Ledi, hapa ni kwetu."

"Bila shaka! Ndiyo maana hakuna atakayewaeleza wageni vizuri kama wewe."

Bibi kizee akalinusa lile tunda. "Hili nalo mnakula?"

"Hapana, bibi. Ni la kutukataza."

"Mh! Hawa hawajaacha tu?"

Iliuma, na Winifred hakuificha. Alifuta macho kwa mkono wa sweta. Akapokea kipande cha mkate, akakila wima. Kundi la saa tano lilikuwa limeshafika mlangoni.

"Karibuni," akawaambia. "Hapa ni nyumbani kwetu. Tafadhali msikae."