Hendeli Moja

"Usikate huo, we kima! Huo ndio unaoshikilia mlingoti!"

Fakihi hakugeuka. Alikuwa juu, amekalia kipande cha ubao kilichoning'inizwa kwa kamba kama pembea, miguu imeukumbatia mlingoti, msumeno wa chuma mkononi. Waya aliokuwa akiukata ulikuwa umeliwa na kutu hata ukiguswa tu unapukutisha vumbi jekundu, na vumbi lile lilikuwa likimwagikia shati jeupe la Mwenyekiti aliyesimama chini.

"Kima ni yule anayekaa chini akingoja kuangushiwa," alijibu. "Sogea, Likwata. Msumeno huu ukikuangukia, watasema ni siasa."

Valentini, fundi wa chuma, alicheka huku kichwa chake kiko ndani ya boti. Likwata naye akacheka. Hakuwa na hiari. Ukoo wake na ukoo wa Fakihi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikutukana unacheka, akikamata kuku wako akaondoka naye unacheka, na ukifiwa anakuja kuchekesha watu msibani. Ndivyo walivyoyakuta mambo watu wa Kivinje, na hata Chama hakijawahi kuitisha mkutano wa kuyafuta hayo.

"Saba Saba hiyo inakuja," alisema Likwata. "Mgeni anatoka mkoani. Nataka tanga lipande mbele ya macho yake."

"Litapanda. Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nini?"

"Uliniambia boti itakaa Songo Songo. Ya kuleta wagonjwa hospitali."

"Nikisema nimesema, mtani." Likwata alijikung'uta kutu begani. "Kwanza izinduliwe."

Boti ilikuwa ya meneja wa shamba la mkonge, Mzungu aliyependa kuzunguka nayo visiwani yeye na mbwa wake. Mashamba yalipotaifishwa aliondoka na mbwa, boti akaiacha kwenye tope la mikoko. Ikaundiwa kamati. Kamati ikaundiwa kamati ndogo. Kuku wa jirani wakataga ndani. Siku walipokumbuka kwamba ile ni mali ya umma, kamba zilikuwa zimeoza, waya zimekuwa kutu, na winchi mbili zilizokuwa zikivuta matanga zimeng'olewa, wala hakuna aliyejua na nani. Zilizobaki nzima ni mbao tu, kwa kuwa mbao hazihudhurii mikutano.

Fakihi ndiye waliyemwita. Mashua ya kizungu hakuwahi kuitengeneza, lakini kamba na matanga ndiyo kazi aliyokulia Songo Songo. Aliikubali kwa ajili ya neno lile moja, wagonjwa. Kama si neno hilo, angemwambia Likwata aipandishe boti yake kwa hotuba.

Maana Likwata alikuwa Songo Songo kabla hajawa mkubwa wa Kivinje. Yeye ndiye aliyeleta amri kwamba matanga yote ya kisiwani yawe ya ushirika, na kila jioni yarudishwe ghalani yafungiwe kufuli, mtu asije akavua kwa faida yake peke yake. Ufunguo ukawa mmoja. Jumatatu moja Sada, mke wa Fakihi, alishikwa na tumbo lililomfanya aume ukingo wa kanga. Wakakimbilia ghalani. Likwata alikuwa Lindi mkutanoni, na ufunguo alikuwa nao mfukoni.

"Tuvunje," alisema Fakihi.

Wenziwe walitazama kufuli. Lilikuwa kufuli la serikali. Mmoja akasema tungoje kidogo, mwingine akasema mjumbe atuandikie kwanza. Mwishowe walimlaza Sada ndani ya mashua isiyo na tanga, wakapiga makasia mpaka viganja vikachunika, na mkondo wa maji ukawa unawarudisha kila walipopumzika. Kivinje ilikuwa bado mstari mwembamba mbele yao Sada aliponyamaza.

Siku ya khitma Likwata alirudi. Kwa kuwa ni mtani, alijifunga kanga ya marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akitembea mwendo wa Sada, mguu mmoja akiuburura kidogo, akaita kwa sauti ya Sada, "Fakihi! Wali unaungua huko, wewe umekaa tu!" Watu wakacheka, machozi yakiwatoka. Aliigiza vizuri mno, mtu mbaya yule. Na Fakihi, kama mila inavyotaka, akacheka.

Kicheko kile hakijamtoka kooni hata leo. Mwaka uliofuata Likwata alipandishwa cheo, akapewa vyombo vyote vya baharini vya wilaya.

Winchi nyingine zililetwa kutoka Dar es Salaam, zimefunguliwa kwenye boti iliyovunjwa. Zilikuwa mbili, za shaba, nzito kama vinu, na hendeli moja ya kuzungushia. Ya pili ilipotea njiani.

"Mikono miwili, kijiko kimoja," alisema Valentini. "Ndiyo ujamaa huo, Mzee Fakihi. Tutalishana."

Valentini alikuwa mtu wa Rutamba, aliyejifunza chuma kwenye mitambo ya mkonge. Alizifungua winchi zile juu ya gunia, akazisafisha kwa mafuta ya taa, akakuta ndimi zake zimelika. Ulimi ni kile kichuma kidogo kinachoangukia kwenye meno ya gurudumu kila unapozungusha, kikalizuia lisirudi nyuma. Usipokuwapo, tanga likivuta hendeli inageuka kinyume na kukuvunja mkono. Valentini alichonga ndimi mpya kutoka kwenye springi ya Landrova iliyokufa, akazipaka grisi, akazungusha.

Ka, ka, ka, ka.

"Sikia hiyo," alisema. "Inakwenda mbele tu. Hairudi hata uilipe."

Fakihi alipitisha waya mpya juu ya mlingoti. Mashua za kwao tanga hupandishwa kwa henza, kamba nene, watu wanane wanaivuta kwa wimbo. Hapa waya ulijiviringa wenyewe kwenye gurudumu la winchi, ukakaa safu safu kama uzi kwenye kibiringo. Bila hendeli hata watu ishirini wasingepata pa kuushika. Akiwa na hendeli, mzee mmoja mwenye kifua kibovu alitosha. Fakihi aliliwaza jambo hilo siku nzima. Watu wanane wanaweza kuogopa kufuli. Mmoja ana nafuu.

Kamati ilileta kamba za katani kwa ajili ya tanga la mbele, kwa kuwa katani ni mali ya taifa. Aliwaambia zikilowa zitavimba zikwame kwenye kapi, kile kibao chenye gurudumu la kupitishia kamba. Waliandika kwamba ameambiwa azitumie. Akazitumia, akapanua kapi kwa patasi.

Siku mbili kabla ya sherehe alikuja Esha, wifi wa binti yake Kudra, kwa ngalawa ya wavuvi, na kikapu cha pweza mkavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kudra hajambo?"

Esha aliweka kikapu chini polepole. "Tumbo limeshuka. Miguu imevimba, viatu haviingii. Mkunga amempapasa, anasema mtoto amekaa mshazari. Anasema huyu asizalie kisiwani. Wenye ngalawa hawataki kumpandisha, wanaogopa atawafia majini."

Fakihi aliendelea kushona ukingo wa tanga. Sindano ilipita, ikarudi, ikamchoma, hakuisikia.

"Mwambie boti inakuja," alisema. Kisha akainuka, akamfuata Likwata ofisini.

Likwata alimsikiliza akitingisha kichwa kwa huruma yote inayotakiwa. "Pole, mtani. Lakini utaratibu umebadilika. Boti itakaa hapa, ya wageni wa wilaya. Mgonjwa akitokea, mjumbe wa kisiwani ataleta barua, nitaweka sahihi, itatumwa."

"Barua italetwa na nini?"

"Na ngalawa."

"Na ngalawa itarudi kusema barua imefika."

"Usinichekeshe, Fakihi. Na ile hendeli, baada ya sherehe itakaa hapa kwangu. Kwenye kabati. Kwa usalama."

"Kabati lina ufunguo?"

Likwata akavuta karatasi nyingine mezani, akaanza kuisoma.

Saba Saba maji yalijaa saa ya adhuhuri. Watoto wa shule waliimba, mgeni kutoka mkoani alipanda botini akiwa na miwani myeusi, na ubavuni mwa boti palikuwa na jina jipya, AZIMIO, rangi bado inanata. Likwata alihutubia. Alisema kamati imetengeneza. Alisema kamati imefunga winchi. Kisha akaashiria kwa kidole, na Fakihi, bila kuimba, bila mtu wa kumsaidia, akazungusha hendeli. Ka, ka, ka. Tanga likapanda jeupe mpaka juu. Wavuvi waliokuwa ufukweni, waliozoea kuona kazi ile ikiwatoa jasho watu wanane, walisogea mpaka kwenye maji. Tena akafungua breki, akalishusha.

"Hongera, Mwenyekiti," alisema mgeni.

"Tumejitahidi." Likwata alinyoosha mkono. "Lete hendeli, Mzee Fakihi, ikatunzwe."

Fakihi aliichomoa. Akainama kwenye kikapu chake, akatoa kanga, ile ile ya Sada, akaifunga hendeli mgongoni kama mtoto. Kisha akatembea juu ya boti kifua mbele, tumbo nje, mwendo wa Likwata, akipapasa mfuko.

"Jamani, ufunguo ninao! Nipo Lindi, nipo mkutanoni!" Ilikuwa sauti ya Likwata yenyewe. "Kitu cha mtani nimekikamata! Atakaye akikomboe!"

Ufukwe mzima uliangua kicheko. Mgeni alicheka mpaka akavua miwani. "Mila nzuri hizi," alisema. "Tuzidumishe." Hapo Likwata hakuwa na la kufanya ila kucheka, na akacheka kwa mdomo, macho yakiwa yamesimama.

"Haya, mtani, umenipata. Nitaikomboa kwa kuku."

"Sitaki kuku."

"Mbuzi, basi!"

"Nirudishie Jumatatu ile," alisema Fakihi kwa sauti yake mwenyewe. "Uwe Songo Songo. Na ufunguo uwe nao."

Waliokuwa karibu waliacha kucheka. Waliokuwa mbali waliendelea, maana hawakusikia. Mgeni aliulizwa kama yu tayari kwa pilau, akasema yu tayari, akashushwa, na watu wakamfuata.

Maji yalikuwa yameanza kupwa. Saa moja zaidi na boti ingekaa kwenye tope hadi usiku wa manane. Fakihi alimwambia Esha, "Panda." Valentini alipanda bila kuambiwa, akafungua kamba ya nanga.

Likwata alirudi mbio peke yake, kwa kuwa kumwita mgambo mbele ya mgeni kwa jambo la utani kungekuwa aibu. Aliingia majini mpaka magotini, viatu mkononi.

"Fakihi! Utani una mwisho wake!"

"Unao. Ulikuwa siku ya khitma."

"Nitakufunga!"

"Nifunge nikirudi. Mtafute na mjumbe akuandikie."

Fakihi aliifungua kanga. Aliiangalia hendeli, akaipachika kwenye winchi. Mbele, kisiwa kilikuwa mstari mwembamba, mwembamba kama Kivinje ilivyokuwa siku ile walipokuja kutoka upande wa pili. Esha aliuliza kama watawahi. Fakihi alizungusha, na ulimi wa springi ya Landrova ukaangukia jino, ukaangukia jino jingine, na nyuma yao yule mtu mwenye viatu mkononi bado alikuwa amesimama pale pale, maji yakimpungukia miguuni.