Nikimpa Mama, Baba Aende Wapi?

Mimi mtu akiniambia nitulie ndipo napandwa na mori. Jumamosi ile ya karnivali mke wangu Felicia alinituliza tangu asubuhi, na mimi nikavaa viatu, nikavua, nikavaa tena, nikazunguka sebule yetu ya Hallonbergen, huku kwa Waswidi, mpaka akashika kiuno.

“Njuguna, hilo zulia utalitoboa. Uende ama usiende, lakini amua!”

Niamue! Kwani ni kuchagua maziwa dukani? Mtoto wetu wa pekee, tuliyemlea kama mvulana, alituketisha mwaka jana akasema yeye ni mwanamke. Nilikasirika, nikanuna, nikakasirika tena, mwishowe hasira ikachoka yenyewe. Hilo nililimeza. Lililonikwama kooni ni la pili: aliomba jina la mama yangu, Wangari.

Kwetu Wakikuyu jina si pambo. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na msichana wa kwanza la nyanya yake mzaa baba. Mzee akipata mjukuu wa jina lake, amerudi duniani. Asiyepata, basi, amepotea. Mama alinizaa mimi tu, nami nikapata huyo mmoja tu, nikamwita Kariuki, jina la baba. Mama alikufa akinung'unika kwamba nimemsahau. Sasa mtoto anataka kuvua Kariuki avae Wangari. Nikimpa mama, baba yangu aende wapi? Haya, niambie! Nitafufua wazazi kwa zamu?

“Mimi tayari ni Mama Wangari,” Felicia akasema akifunga chapati kwenye taulo. “Wewe baki Baba Nani, shauri yako.” Akabeba kikapu akaniacha na zulia langu.

Chapati zilikuwa za Vurumai, kikundi cha karnivali cha mtoto. Humo mna wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, wengine kama wangu, Wakenya, Warundi, Waswidi, na bibi mmoja wa Akalla ambaye yeye anapenda ngoma, basi. Wana desturi yao. Anayetembea nao mara ya kwanza huvaa kichwa kikubwa cha karatasi na gundi, uso usionekane. Njiani mtu wake hushika kipaza sauti, humwita jina lake mbele ya watu wote, naye hukivua kile kichwa na kwenda mbele kucheza. Asiyeitwa na mtu wake hubaki ndani mpaka mwisho wa barabara, na mwaka unaofuata hukivaa tena. Mtoto alikuwa amenitumia ujumbe: “Mama asiniite. Jina ni la kwenu. Nakutaka wewe.”

Nikapanda treni. Nikaketi, nikasimama, nikaketi. Kituo cha Västra skogen nikashuka nikiapa narudi nyumbani, haki ya Mungu narudi. Treni ya kurudi ikaja, nikaitazama hadi ikaondoka. Nikapanda tena ile ya mjini. Mwanamke mmoja akamhamisha mtoto wake akae mbali nami, na sikumlaumu, maana nilikuwa nikiongea peke yangu.

Nilipotokea barabara ya Hornsgatan ngoma zilikuwa zimekolea. Vichwa vya karatasi vilikuwa nyuma ya wapigaji: samaki, jogoo, kabichi. Mtoto wangu ni mrefu, na samaki alikuwa mrefu. Nikamkimbilia, nikamshika mkono, nikaanza kutembea kinyumenyume mbele yake.

“Sikiza! Sikukatai wewe. Nakataa kumzika baba mara ya pili! Mimi naogopa, unaelewa? Naogopa nikikuita nitamkosa baba, nisipokuita nitakukosa wewe!” Machozi yalinitoka hadharani, mtu mzima mimi.

Samaki akasimama. Akainua kichwa kidogo, nikaona ndevu zenye mvi. Haiya!

“Mzee, mimi ni Vainqueur wa Vårby gård,” akasema kwa Kiswahili cha Bujumbura. “Mimi si wako. Wako ni ule jogoo.”

“Pole. Pole sana, ndugu yangu.”

“Hakuna shida. Mimi ndugu zangu walisema watakuja kuniita. Tangu karnivali ya mwaka jana bado wako njiani.” Akacheka, si sana, akashusha kichwa chake. “Jogoo anatazama nyuma tangu tutoke Hornstull. Kimbia!”

Nikamtazama jogoo. Kweli, alikuwa akigeuka na kugeuka, mdomo wa karatasi ukitafuta watu kando ya barabara. Aibu ikanishika. Mimi nabishana juu ya waliokufa, na aliye hai anajivunja shingo kunitafuta.

Kiongozi wao, Gaël, alikuwa na kipaza sauti. Nikampokonya hata salamu sijatoa.

“Kawia ufike, mzee,” akasema.

Nikakisogeza mdomoni, na neno la kwanza kunijia likawa Baba. Tangu azaliwe sikuwahi kumwita Kariuki. Nilimwita Baba, kama Mkikuyu yeyote amwitavyo mtoto mwenye jina la babake. Ulimi ulikuwa umezoea hivyo, na ilibidi niukaze.

“Mama!” nikapiga ukelele. Nusu ya barabara ikageuka. Jogoo akasimama palepale. “Mama yangu! Wangari wa Njuguna! Toa hiyo kitu nikuone!”

Kichwa kikatoka. Rangi za uso zilikuwa zimeharibika kwa jasho na kilio. Badala ya kwenda mbele kucheza alinijia moja kwa moja, akanikumbatia na manyoya yote ya vazi lake, na wapigaji ngoma wakabaki kurudia mdundo uleule wakimngoja.

“Na babu je?” akaniuliza sikioni, kwa Kiswidi, kama afanyavyo akiogopa.

“Babu ana kesi na mimi, si na wewe,” nikamwambia. “Nikifika kwake nitamjibu mwenyewe. Nenda, mama. Nenda ucheze.”