Gauni la Lynnet

Elvis alikwenda Kisegi kwa mama yake Lynnet, akamwomba nyumba ya kupigia filamu. Alikuwa amesoma darasa moja na Lynnet, na Lynnet ndiye mwanamke wa tatu aliyeuawa kando ya ziwa na mtu yuleyule, miaka sita iliyopita. Alimwambia mama huyo, Bathsheba, kwamba filamu ni ya kumkumbuka bintiye. Bathsheba akafungua chumba cha marehemu, akamtolea Elvis na wenzake gauni lake la kijani, akawapikia samaki siku nne.

Filamu ilipoonyeshwa Rongo, Jumapili alasiri, Elvis hakumwalika. Akamwona safu ya tatu, amejifunga kitambaa cha kanisani. Mama huyo alikuwa amesikia tangazo redioni. Elvis angeweza kuizima filamu. Alisimama nyuma, wala hakuizima.

Muuaji alikuwa kijana mtanashati wa suti nyeupe. Aliongea taratibu, alicheza muziki kabla ya kuua, na vijana ukumbini wakampigia mbinja. Kamera ilipouzunguka polepole mwili uliovaa gauni la kijani, damu ikimeremeta, watu walishangilia. Bathsheba hakuinuka. Baadaye mtangazaji alimwita Elvis jukwaani, akamuuliza muuaji yule alimtoa wapi. Elvis akajibu kwamba alimbuni tu.

Bathsheba alimngoja mlangoni.

"Mwanangu," alisema, "yule mwanamume ameongea tangu mwanzo mpaka mwisho. Lynnet wangu hakupewa hata neno moja?"

 Kisha akamwomba Elvis gauni. Ikabidi Elvis aseme kweli: walilikata kwa makasi ili damu ionekane vizuri, kisha wakalitupa. Bathsheba akauliza gari za Homa Bay, za kumrudisha kwake, zinapakia wapi.

Elvis hakuionyesha tena filamu ile. Mpiga kamera wake, Bonface, alikuwa ameshapata mwaliko wa kuipeleka kwenye tamasha Nairobi. Elvis alipokataa, Bonface aliacha kupokea simu zake, na Elvis hakumlaumu.

Tangu hapo amekwenda Kisegi mara mbili. Mara ya kwanza aliishia njiani, akageuza. Ya pili Bathsheba alimwona kwa mbali, akamkaribisha, akampa chai, akamweleza jinsi Lynnet alivyokuwa akicheka hadi kwikwi imshike. Filamu hakuitaja. Elvis alisikiliza, chai ikapoa mkononi, akashindwa kuinua macho.