Ndoo ya Mtogwa

Mgambo alimleta binti yangu kwenye ofisi ya kijiji kabla ukungu haujaondoka. Tusekile alitangulia, mgambo akafuata na ndoo yetu ya njano mkononi. Mimi habari zilinikuta shambani, kwenye chai. Nilikimbia na kikapu mgongoni, majani yakimwagika njia nzima.

Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Igowole, na karibu kila nyumba ina milanzi yake, ile mianzi ya kugemwa. Mvua zikishika, unakata ncha ya mwanzi mchanga, unaukingia chombo, na maji yake yanadondoka usiku kucha. Asubuhi ni matamu kama miwa. Huo ndio mtogwa, na hata mtoto anayejifunza kutembea anapewa. Ukiuacha jua likolee, unachemka wenyewe na kutoa povu, na jioni unakuwa ulanzi mkali wa kumlaza mwanaume barabarani. Maji ni yale yale, saa ndiyo inayoyageuza.

Tusekile ana miaka kumi na mmoja. Wakati wa likizo aliweka meza ndogo kando ya barabara, akawauzia mtogwa wasafiri na wachumaji chai. Nilimpa sharti moja: ukungu ukiondoka, kilichobaki kimwagwe.

Halafu likaja agizo la kijiji. Watoto wa darasa la tatu walikutwa wamelewa nyuma ya choo cha shule, na serikali ya kijiji ikasema mtoto yeyote asiuze kinywaji chenye kilevi. Mkutanoni nilipiga makofi. Sikujua agizo lile lingeanza na mwanangu.

"Kamwene, bwana afya," nilimsalimu nikihema.

"Kamwene, mama Tusekile. Kaa upumzike."

Bwana afya wetu anaitwa Halfani. Ni mtu wa Tanga, mpole, aliyehamishiwa kwetu mvua zilipoanza. Ndoo aliiweka juu ya meza, chini ya dirisha.

"Huu ni mtogwa," nikamwambia. "Onja tu, utaona."

"Sionji, mama. Dini yangu inasema kitu nikikitilia shaka nikiache, na hiki nina shaka nacho."

"Basi mgambo aonje."

Dastan, yule mgambo, alisimama haraka. "Mimi kwa kazi niko tayari."

"Wewe kaa," Halfani akamwambia. "Hata maji ya bomba utasema yamekolea, ili uachiwe ndoo."

"Bwana afya unanionea mbele za watu," Dastan akasema, lakini alikaa.

Halfani akanigeukia. "Wa kuonja na kuandika ni mtendaji. Ameitwa Mafinga kwenye kikao. Akirudi mchana, au alasiri, tutamaliza."

"Alasiri utakuwa pombe."

"Mama, kila ninayemkamata ananiambia asubuhi ilikuwa tamu."

Kwa aliyewahi kudanganywa na wengi, ukweli wangu ulikuwa na sauti ile ile ya uongo wao.

Faini isingenitisha. Baba yake Tusekile alikuwa mtu wa Uyole, na tangu tumzike, mdogo wake aitwaye Silvester anamdai mtoto. Afisa ustawi wa jamii amekwisha kumwona: suti, nyumba ya umeme, mkono wazi. Silvester amemwambia ana duka. Mume wangu aliniambia kabla hajafa kuwa lile duka ni baa inayokesha kando ya maegesho ya malori, na wasichana wanaohudumia pale wanaitwa ndugu zake. Nilipolisema hilo, afisa aliniona mjane mwenye wivu. Akaamua: siku mtoto akikutwa kwenye biashara ya pombe, ataenda kwa baba yake mdogo.

"Niruhusu basi niiweke ndoo mtoni, maji ya baridi yaukawize mtogwa kuchemka," nikamwomba Halfani.

"Kielelezo hakiguswi, mama."

Nilikaa kwenye benchi, Tusekile akaegemea bega langu. Niliangalia dirisha, nikaomba kimoyomoyo. Ee Bwana, Yoshua ulimsimamishia jua. Mimi siombi lisimame. Naomba lichelewe kidogo tu nyuma ya huu ukungu.

Jua halikuchelewa. Lilipita dirishani, likashuka ukutani, likafika kwenye ndoo. Baada ya muda nikaisikia sauti ninayoijua tangu utotoni, kama mvua nyepesi juu ya majani. Mtogwa ulikuwa umeanza kuchemka.

Adhuhuri Dastan alikwenda kutafuta chakula. Halfani akachukua kofia yake.

"Nakwenda kuswali, mama. Ndoo nakuachia."

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa?"

Alipotoka tu, Tusekile akanishika mkono. "Mama, tumwage. Mlango uko wazi."

Nilisimama. Nilikwenda mezani nikashika mpini wa ndoo, na nasema kweli niliinyanyua. Kutoka pale hadi mtaroni ni karibu sana. Ningemwaga, kusingekuwa na ushahidi, wala kesi. Lakini kijiji kizima kingesema Severina alimwaga kwa sababu ilikuwa pombe, na mwanangu angebaki na jina hilo popote aendako. Nikairudisha, nikaweka viganja vyangu viwili juu ya kifuniko, nikabaki hivyo. Sala haikuja na maneno. Chini ya viganja nilihisi kifuniko kikisukumwa na povu.

Halfani alirudi akanikuta nimesimama hivyo hivyo. Aliiangalia ndoo, akaniangalia.

"Hukumwaga."

"Sikumwaga."

Alikaa, akaikazia macho ndoo ile.

Mtendaji, Clement, alifika alasiri kwa pikipiki, uso umekunjwa. Huko Mafinga walikuwa wamemsema kwamba kijiji chake kinalea walevi. Alichota kikombe, akaonja, akakitua.

"Umekolea."

"Clement," nilisema, "wewe umezaliwa hapa. Mtogwa umeunywa kabla hujaota meno. Mwambie bwana afya asubuhi ulikuwaje."

Aliangalia mikono yake. "Asubuhi sikuwepo, dada. Naandika nilichoonja."

Akampigia simu afisa ustawi palepale. Jibu lilikuja upesi: Silvester ataondoka Uyole jioni hiyo, alale Mafinga, kesho aje na gari la kwanza.

Nilipiga magoti mbele ya Halfani. Maishani nimempigia magoti Mungu peke yake, na siku ile nilimpigia mtu.

"Bwana afya, usiniamini mimi. Njoo alfajiri kwenye milanzi yangu, uone unavyotoka."

"Simama, mama, tafadhali," alisema kwa aibu, akatazama pembeni. Hakusema atakuja.

Nyumbani Tusekile alikunja magauni yake na kuyatia kwenye mfuko wa sandarusi. Aliuliza kama Uyole kuna baridi kama kwetu. Nilisema iko. Nilitaka kumwimbia wimbo wa kanisani, nikaishia mstari wa kwanza.

Alfajiri kulikuwa na ukungu, hata mkono wako huuoni. Nikiwa nakoka moto nilisikia mtu akikohoa nje ya ua. Halfani alikuwa amesimama pale, suruali imelowa umande hadi magotini.

Nilimpeleka kwenye milanzi. Aliinama akatazama mwanzi uliokatwa: tone linakua, linaning'inia, linadondoka chomboni. Aliyatazama matone mengi. Kisha akakifungua chombo mwenyewe, akanusa, akasema bismillahi, akanywa.

Alikunywa chote.

"Na ni haya uliyokuwa unauza?" akamwuliza Tusekile.

"Shikamoo. Ndiyo haya."

"Marahaba." Alijipangusa midomo, akatoa simu, akampigia mtendaji. "Clement, futa ulichoandika. Nimeonja mwenyewe." Akasikiliza. Uso wake ukabadilika. "Silvester ameshatoka Mafinga?"

Nilishika mwanzi.

Halfani akarudisha simu mfukoni. "Afisa ustawi yuko naye ndani ya gari. Twende stendi. Nitasema nao mimi. Mezani mtoto asikae tena mpaka tuliandike upya lile agizo, lakini kwenda haendi kama nina mdomo."

Tusekile alikuwa ameshakinga kikombe kingine. Akakifunika kwa jani.

"Na afisa ustawi aonje," alisema. "Utakuwa bado mtamu, mama?"

"Tukienda sasa hivi," nikamjibu, nikamshika mkono, tukaanza kukimbia.