Kuku Wenye Namba za Viti

Kampuni ilikuwa na vyumba vitatu, banda la kuku, na ndoto kubwa kuliko vyote hivyo. Mwenye ndoto alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, msomi wa chembe hai, ambaye kila mtu pale alimwita Daktari. Kuku wake walidungwa sindano ya vijidudu vilivyokwisha kuuawa, miili yao ikatengeneza kingamwili, na kingamwili hizo zikaingia kwenye kiini cha yai. Kutokana na kiini hicho Daktari alikuwa akitafuta unga wa kuwaponya ndama wanaoharisha. Alikuwa akitafuta, hajapata bado. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mhasibu wa kampuni alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake. Shangazi aliuza vitambaa nusu ya umri wake, na wenzake walipoanza kulea wajukuu, yeye akajiandikisha masomo ya jioni ya uhasibu. Alikaa dawati la mbele kabisa, miwani puani, na alichofundishwa alikibeba kama kilivyo. Mwalimu aliposema kila mali ya kudumu ya kampuni ibandikwe namba, kesho yake Shangazi alibandika namba kwenye meza, friza, viti na mashine ya kuzungusha sampuli. Kisha akaingia bandani, akawavalisha kuku stika mguuni, mmoja baada ya mwingine, akawaandika kwenye orodha ya mali mara tu baada ya viti. Akawakokotolea hata uchakavu, ile thamani ya mali inayopungua kila mwaka.

"Shangazi, kuku naye anachakaa?" Daktari alimuuliza siku hiyo, amebana kicheko.

"Subiri ufike umri wangu."

Tangu hapo mlisha kuku, mzee mwenye utani waliyempachika jina la Kepteni, hakuingia bandani bila kuwaamkia "waheshimiwa viti".

Siku zikapita, hata ikafika alasiri ya kuamkia ugeni. Kesho yake angekuja mwekezaji, mama mmoja mfamasia mstaafu aliyetoa mtaji wa kwanza. Mtaji huo ulikuwa ukingoni. Angesoma hesabu, kisha aamue kama atatoa mwingine. Akikataa, banda lingefungwa kabla ndama yeyote hajaonja ule unga.

Shangazi alikuwa akiandika sera za uhasibu, ule ukurasa unaomweleza msomaji kampuni inahesabu mambo yake kwa kanuni gani. Alipofika kwenye utafiti, kalamu ikasita. Juma lile lile darasani walikuwa wamefundishwa kwamba gharama za utafiti ni matumizi. Hazigeuki mali mpaka ithibitike kuwa kitu kinachotafutwa kinawezekana, na kwamba kitakuwa na soko. Hata kilichonunuliwa kwa ajili ya utafiti mmoja tu, kisichofaa kwa kazi nyingine, nacho ni matumizi. Shangazi akawakumbuka kuku wake na stika zao. Akamwita Daktari.

"Kuku wanatoka," alimwambia.

"Wanakwenda wapi?"

"Wanatoka kwenye mali. Na unga wako, na kazi yote ya maabara. Ni matumizi, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea."

Daktari akavuta kiti, akaketi taratibu. "Tutabaki na nini?"

"Friza, mashine, meza. Na hicho ulichokalia."

"Kwa hiyo kesho nimwoneshe yule mama viti? Shangazi, maisha yangu yamo ndani ya ule unga."

"Yamo. Lakini unajua kama unaponya?"

"Kwenye chupa za maabara unafanya kazi."

"Na kwa ndama?"

Daktari akajaribu mlango mwingine. "Kuku wana kazi nyingine. Tunaweza kuuza mayai."

"Utamlisha nani yai la kuku wa sindano? Wewe mwenyewe ulibandika tangazo mlangoni, asile mtu."

"Shangazi, ungekuwa wakili ungetajirika."

"Nimeuza vitambaa, binti. Chenye doa nilikuwa naanza kwa kumwonesha mteja doa."

Daktari akainuka. Hakuwahi kusema naye kama alivyosema sasa. "Mkurugenzi ni mimi. Nitaandaa ukurasa wangu, kila kitu kiwe mali. Kesho nitamkabidhi mmoja kati ya hizo mbili."

"Mkabidhi ule utakaoweza kuutetea," Shangazi alijibu, akaishika tena kalamu.

Alipoachwa peke yake aliingia stoo, akapiga magoti katikati ya magunia ya chakula cha kuku. Hakuomba ashinde. Aliomba asimpoteze mtoto wa kaka yake kwa ajili ya kanuni, wala asiipoteze kanuni kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Aliyaona maombi hayo yanavutana, akamwachia Mungu ayapatanishe, akainuka na pumba magotini.

Asubuhi aliwahi kazini, akaanza kuwavua kuku stika. Kepteni alimshikia, na kila aliyevuliwa alimpa rambirambi. "Pole, mheshimiwa. Madaraka ni kupokezana."

Wote walikubali yaishe isipokuwa mtetea mmoja mwekundu, mkorofi, waliyemwita Bi Mkubwa. Huyo aliwazungusha banda zima. Mwishowe Shangazi akajipenyeza chini ya vichaga vya kutagia, kilemba kimemwendea upande, akamdaka mguu. Alipoinua macho aliona mlangoni viatu safi visivyokuwa vya mtu wa pale. Mwekezaji alikuwa amefika kabla ya saa yake.

"Huyo kuku mbona ana namba?" aliuliza.

"Namtoa kwenye mali, mama."

"Kwani alikuwa mali?"

"Niliwaandika baada ya viti. Kosa ni langu." Na palepale chini ya vichaga, akiwa hajainuka, Shangazi akamweleza yote: utafiti, unga, kuku wasio na kazi nyingine.

Nyuma ya mgeni, Daktari alikuwa amefika mbio na karatasi mbili mkononi. Alisikia kila neno.

Mwekezaji akamgeukia. "Kumbe pesa zangu zote zimekwenda, na hakuna kitu."

Kepteni ghafla akakumbuka kwamba vyombo vya maji havijaoshwa. Shangazi alifumba macho, midomo ikimchezacheza bila sauti.

Daktari alizitazama zile karatasi. Ukurasa wake ulikuwa umenona, unapendeza. Lakini alijua swali litakalofuata, na alijua hana jibu. Akaukunja, akausokomeza mfukoni mwa koti, akamkabidhi mgeni ule wa shangazi yake.

"Tuna friza, mashine, meza na viti," alisema. "Unga upo. Kama unaponya ndama, sijui."

"Sasa nikupe pesa nyingine za nini?"

"Za kujua."

Mwekezaji alisoma amesimama, huku Bi Mkubwa, aliyekwisha kuponyoka, akimdonoa kamba za viatu. Alisoma ukurasa, akaurudia. Hatimaye akaukunja vizuri.

"Sitatoa zote ulizoomba. Nitatoa za kuwajaribia ndama tu. Wakipona tutaongea, wasipopona tutaagana kwa amani. Na nitataka kuwaona hao ndama kwa macho yangu."

"Wakipona, na ikionekana unga una soko," sauti ikatoka chini ya vichaga, "hapo ndipo nitaanza kuandika mali."

"Pamoja na matumizi ya nyuma?" Daktari alidakia, matumaini yamemrudi.

"Kuanzia siku hiyo. Ya nyuma yamekwenda."

"Hata kidogo, Shangazi?"

"Hata unyoya."

Mwekezaji alicheka mpaka akashika nguzo ya banda, akatoka nje akijifuta machozi, Kepteni akimwongoza njia.

Daktari hakumfuata mara moja. Alimnyemelea Bi Mkubwa pembeni, akambeba, akambandua stika ya mwisho. Akainama, akampa shangazi yake mkono, akamwinua na majani ya banda nguoni. Kisha akaibandika ile stika kwenye mkono wa gauni la Shangazi.

"Hii ndiyo mali yetu ya kudumu," alisema. "Nisamehe ya jana."

Shangazi alijitazama mkono, akaweka kilemba sawa.

"Nimekwisha kusamehe. Ila uchakavu wangu, mwanangu, usithubutu kuukokotoa."